Utepe wa Kitufe cha Arobaini

Palikuwa na nchi, na ingali ipo, ndiyo maana jina lake halitajwi. Anayetaka kuiona asijisumbue na ramani; na atazame pembeni mwake polepole, asije akaonekana anatazama.

Nchi hiyo ilijaliwa barabara kuu pana, yenye njia tatu za kwenda na tatu za kurudi. Ilianzia mji mkuu ikafika mahali alipozaliwa Mkuu wa Nchi, ikakomea hapo, kwa kuwa haikuonekana sababu ya mtu kutaka kwenda mbele zaidi. Katikati ya safari iliteremka mlima uitwao Kisyela, na huko Kisyela ukungu ulikuwa na tabia mbaya ya kushuka bila taarifa. Magari yaligongana, watu wakazikwa, na magazeti yakaandika kwamba marehemu walikuwa wazalendo.

Serikali, ambayo huwapenda raia wake hata wasipotaka kupendwa, ikanunua ng'ambo mabango ya umeme ya kuonyesha mwendo. Fundi aliyekuja nayo alijieleza kwa lugha nyepesi.

"Bango hili halina namba moja," alisema. "Jua likiwaka na njia ikiwa nyeupe, mtu anaruhusiwa kwenda hadi mia na ishirini kwa saa, asizidi. Mvua ikinyesha, ishusheni namba iwe themanini. Ukungu ukitanda, au gari likiharibika njiani, ishusheni hadi arobaini. Dereva haoni yaliyo mbele yake. Ninyi mnayaona kwa kamera, mnamwambia kwa namba. Hali ikitengemaa, mnairudisha juu. Ni hayo tu."

Wakubwa walipiga makofi kwa muda mrefu, wakaenda kula.

Sasa, mgeni asiyejua desturi za nchi ile ni lazima aelezwe jambo moja. Kule hakuna kitu kinachoanza kufanya kazi kabla hakijazinduliwa. Bomba linaweza kutoa maji kutwa kucha, lakini mpaka mgeni rasmi akate utepe, maji hayo ni uvumi. Daraja lisilozinduliwa hupitiwa pembeni, kwa kuogelea. Kwa hiyo katika Kituo cha Mabango, kilichojengwa juu ya kilima mkabala na Kisyela, palipokuwa na vitufe vitano vya namba tano, kila kitufe kilifunikwa kitambaa cha hariri na kufungwa utepe, kikangojea mkubwa wake.

Kitufe cha mia na ishirini alikizindua Mkuu wa Nchi mwenyewe.

"Ndugu wananchi," alinguruma, "sikuja hapa kuzindua namba! Namba zilikuwapo tangu enzi za mababu zetu. Nimekuja kuzindua mwendo! Wapo waliosema nchi hii inajikokota. Wako wapi leo? Nawauliza, wako wapi?"

Hakuna aliyejibu, kwa sababu waliosema hayo walikwisha kupelekwa huko waliko.

"Kuanzia leo taifa hili linakwenda mia na ishirini! Na atakayekwenda pungufu ya hapo, huyo ananirudisha nyuma mimi!"

Maneno hayo yalimtoka kwa sababu ya utamu wa kipaza sauti, lakini jioni yake yalikwisha kuwa sheria. Fundi wa ng'ambo alijaribu kunong'ona kwamba mia na ishirini ni ukomo wa mwendo, wala si ahadi ya kutimizwa. Alikabidhiwa kinyago cha ukumbusho na tiketi ya ndege.

* * *

Vitufe vinne vilivyobaki vilikosa wazinduzi.

Waziri Mkuu aliombwa akazindue cha mia. Alitabasamu kwa hofu. "Mimi nikazindue mia? Watu waseme nimempunguzia Mheshimiwa ishirini?" Mawaziri walioombwa cha themanini waliugua siku hiyo hiyo, wote, ugonjwa mmoja. Cha sitini kilitafutiwa Mkuu wa Mkoa, naye akaanza likizo. Ama kile cha arobaini, hapakuwa na wa kukisogelea kabisa. Ilikuwa namba ndogo, tena yenye harufu ya ubani wa matanga, na mtu mwenye matumaini ya kupanda cheo hapaswi kuonekana akibonyeza kitu kinachoshuka.

Hivyo mabango ya namba zinazobadilika yakaonyesha mia na ishirini, mvua na jua. Mwandishi mmoja wa habari, kijana asiyejua maisha, alimuuliza Mkurugenzi wa Kituo mabango hayo yanabadilika lini.

Mkurugenzi, Dokta Lubasha, alivua miwani akaipangusa. "Yanabadilika kila wakati, ndugu mwandishi. Asubuhi yanaonyesha mia na ishirini. Jioni yanaonyesha mia na ishirini. Lakini ile ya jioni si ile ya asubuhi. Ni nyingine kabisa."

Ili sheria isibaki maneno, kiliundwa Kikosi cha Heshima ya Namba, vijana wenye filimbi na kofia nyekundu waliosimama kandokando ya barabara. Dereva aliyeonekana akienda tisini alitolewa pembeni, akasimamishwa chini ya bango, akalipigia saluti mpaka ajute. Aliyerudia-rudia alinyang'anywa leseni. Watu wenye pikipiki chakavu walijifunza kupita porini.

* * *

Mtunza Vitufe pale Kituoni alikuwa mwanamke mmoja mjane, Bi. Tumpe, ambaye watu walizoea kumwita Mama Sekela. Kazi yake ilikuwa kutazama skrini za kamera, kuripoti anayoyaona, na kuvipangusa vumbi vitambaa vya hariri. Aliifanya kwa uaminifu. Hata pindo za hariri zilizoning'inia nje ya utepe alizipiga pasi, akiamini kwamba siku moja mtu atakuja.

Sekela, mwanawe wa pekee, aliendesha gari la maziwa. Kila alfajiri alipanda kwa wafugaji wa milimani, na kila asubuhi aliteremka Kisyela akiwa na tangi lililojaa.

Asubuhi moja walikunywa uji pamoja kabla ya kila mmoja kushika njia yake.

"Mama, leo bango litabadilika?" aliuliza Sekela, huku akijizuia kucheka.

"Litabadilika."

"Kutoka mia na ishirini kwenda ngapi?"

"Kunywa uji wako."

"Nakunywa, Mama. Nauliza tu kama raia." Akaweka kikombe chini. "Juzi kulikuwa na ukungu kidogo pale mteremkoni. Nikapunguza hadi tisini. Wale kofia nyekundu wakanitoa pembeni, nikalisalimia bango lenu mpaka maziwa yakaanza kuwa mtindi. Wameniambia nikirudia mara moja tu, leseni basi."

Bi. Tumpe hakucheka. "Mwanangu, wewe punguza. Leseni ni karatasi."

"Nipunguze peke yangu? Malori yote nyuma yangu yanakuja na mia na ishirini, yananusa mkia. Nikikanyaga breki mimi peke yangu, yatanipanda mgongoni. Bango likiwapunguza wote, nami nitapunguza pamoja nao. Likisema mia na ishirini, nitakwenda mia na ishirini." Akamshika mama yake begani. "Mimi nalifuata bango, Mama. Si wewe uko nyuma yake?"

Maneno hayo aliyasema kwa kumfariji. Bi. Tumpe aliyameza pamoja na uji, nayo yakagoma kushuka.

* * *

Jua lilipopanda, ukungu ulishuka. Haukuwa ule ukungu wa adabu unaokaa mabondeni; ulikuwa mzito kama ufuta uliopondwa, ukajaza mteremko wote wa Kisyela.

Bi. Tumpe aliutazama katika skrini. Kamera ya kileleni ilionyesha jua na barabara nyeupe. Kamera ya mteremkoni ilionyesha weupe mtupu, na ndani ya weupe huo taa mbili nyekundu zilizosimama mshazari bila kusogea. Aliinama mpaka pua ikagusa kioo. Lilikuwa lori la saruji, ekseli imekatika, limelala likiziba njia zote tatu za kuteremkia.

Akampigia Mkurugenzi.

"Shikamoo, Mkurugenzi. Ukungu umeshuka Kisyela, na lori limelala njiani."

"Marahaba, Mama Sekela. Umeshuka kwa kibali cha nani?"

"Ukungu, Mkurugenzi."

"Nimekusikia. Ndiyo maana nikauliza."

"Naomba ruhusa ya arobaini."

Sauti ya Dokta Lubasha ikapungua. "Neno hilo usilitamke tena kwenye simu. Sikiliza. Una bahati, na nchi ina bahati. Naibu Waziri wa Hali ya Hewa na Adabu niko naye hapa hotelini. Tumezungumza, na amekubali kimsingi kwamba linaweza kufikiriwa. Anamalizia mayai. Akimaliza atabadilisha suti, kisha tutakuja. Bendi ipo?"

"Bendi ipo."

"Kipaza sauti?"

"Kipo, Mkurugenzi, lakini magari hayo—"

"Basi kila kitu kiko tayari. Waambie wenye magari wavute subira."

"Yanakuja kwa mia na ishirini, Mkurugenzi."

"Vizuri sana. Hiyo ndiyo heshima." Simu ikakatwa.

Akampigia Sekela. Simu iliita, ikaita, ikanyamaza. Hakuipokea, maana mama yake ndiye aliyemfundisha tangu siku ya kwanza kwamba simu na usukani havikai katika mikono ya mtu mmoja. Akakipigia Kikosi cha Heshima. Kijana aliyepokea alisikiliza kwa upole wote, akajibu, "Mama, tunaona kweli hatuoni. Lakini sisi tunasimamia namba iliyoko juu. Ibadilisheni, tutaisimamia hiyo."

Pale Kituoni palikuwa na bendi ya matarumbeta, iliyoajiriwa kwa ajili ya uzinduzi, na kwa hiyo ilikuwa haijapiga kitu tangu Mkuu wa Nchi aondoke. Mkuu wa bendi, Bwana Songoro, alikuwa akicheza bao na mpiga ngoma mlangoni.

"Bwana Songoro, yuko wapi mwenye ufunguo wa kabati la mkasi?"

"Mkasi wa dhahabu? Ufunguo anao Mkurugenzi mfukoni." Akainua uso. "Kwani kuna mgeni?"

"Hakuna."

"Sasa mkasi wa nini, Mama Sekela? Unataka kukata kucha kwa mali ya umma?"

Katika skrini ya kileleni, kwenye jua, lilikuwa limetokea tangi jeupe la maziwa lenye mstari wa buluu, la Sekela. Lilikuwa linakuja kwa mwendo ule ule uliotakiwa na taifa, bila kuzidi wala kupungua. Nyuma yake malori yalipangana kama shanga. Juu ya barabara bango lilimeta: mia na ishirini.

Bi. Tumpe akakiendea kitufe cha tano, cha arobaini. Alivuta utepe, ukakaza. Alijaribu kuuparua kwa kucha, ukateleza; ulikuwa utepe mzuri, wa ng'ambo. Bwana Songoro alikuwa amesimama sasa, kete mkononi.

"Mama Sekela, hiyo ni hariri ya serikali."

"Naijua. Naipiga pasi mimi."

"Watakufunga!"

"Wanifunge nikiwa mama wa mtu."

Akainama, akautia utepe kinywani, akaung'ata kwa magego kama mtu ang'atae muwa. Ukakatika. Kitambaa kikaanguka. Akabonyeza.

Bwana Songoro aliapa baadaye kwamba hakukusudia. Lakini mtu aliyefunzwa miaka yote kwamba kitambaa kikianguka ni lazima apulize, hupuliza. Bendi nzima iliruka, ikashika vyombo, ikapiga wimbo wa taifa tangu mwanzo hadi mwisho, beti zote. Bi. Tumpe, kwa kuwa alikuwa raia mwema, ilimbidi asimame wima. Machozi yakimtoka na uzi wa hariri ukining'inia mdomoni, aliitazama skrini kwa pembe ya jicho.

* * *

Barabarani jambo hilo lilipokewa kama ujio wa nyota yenye mkia. Hakuna dereva aliyepata kuiona namba nyingine. Lakini sheria ilikuwa ile ile: namba iliyo juu ni lazima itimizwe. Vijana wa kofia nyekundu waliangaliana, wakatazama juu, wakapuliza filimbi mpaka mashavu yakavimba. "Arobaini! Timizeni arobaini! Wewe wa lori, unaidharau arobaini?" Msururu mzima ukakunja mkia kwa pamoja, malori, mabasi na magari madogo, ukaingia katika ukungu kwa adabu kama maharusi.

Sekela aliliona lori la saruji lilipokuwa mbele yake kwa urefu wa ua wa nyumba. Alikanyaga breki. Tangi lilitikisika, maziwa yakapiga ukuta, gari likasimama. Lililomfuata nalo likasimama, na la nyuma yake, na la nyuma ya hilo. Wakashuka, wakasaidiana kulisukuma lori pembeni. Halafu, kwa kuwa walikuwa hawajawahi kukutana wakiwa wamesimama, walisalimiana.

Naibu Waziri alifika saa sita, akiwa na suti ya kijivu iliyolingana na hali ya hewa, ambayo wakati huo ilikuwa jua kali.

* * *

Tume iliundwa siku hiyo hiyo. Katika nchi ile, ajali ya watu thelathini huchunguzwa baada ya miaka mitatu, lakini ajali isiyotokea ni jambo la dharura.

Mwenyekiti wa Tume alikuwa mtu mpole mwenye sauti ya mgonjwa. "Bi. Tumpe, unadai kulikuwa na hatari."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Kama ukungu ule ulikuwa wa hatari, maiti wako wapi?"

"Hawakupatikana, Mheshimiwa."

"Uliwatafuta?"

"Mmoja nilimkuta nyumbani, anapika."

Wajumbe wakanong'onezana. Dokta Lubasha aliitwa, akaeleza kwa uchungu kwamba Kituo kilikuwa mbioni kabisa kuchukua hatua, na kwamba hatua hiyo ingechukuliwa kwa utaratibu bora kuliko huo, kukiwa na soda.

"Namba imeonekana na umma," alisema Mwenyekiti. "Namba haionekani bila kuzinduliwa. Kwa hiyo ilizinduliwa. Swali la Tume ni moja tu, na maisha yako yamekalia jibu lake. Mgeni rasmi alikuwa nani?"

Bi. Tumpe alimtazama Naibu Waziri, aliyekuwa ameketi mstari wa mbele, amejitandaza.

"Alikuwa huyo," alisema. "Andikeni alizindua yeye. Andikeni hata utepe aliung'ata yeye, mimi sina kinyongo. Jina lake na libandikwe ukutani. Ila kitufe kile msikifunike tena. Masika yanakuja, na ukungu utarudi. Hilo tu ndilo ninaloliomba."

Wajumbe waliguswa, jambo lilikuwa limepata njia. Lakini Naibu Waziri alikwisha kusimama, jasho likimtiririka.

"Mimi? Mimi niandikwe chini ya arobaini? Mheshimiwa asome kesho gazetini kwamba alipandisha nchi hadi mia na ishirini, nami nikaishusha? Tena kwa meno? Nina watoto mimi!"

Basi Tume ilijifungia, ikatoka na uamuzi uliosifiwa kwa hekima yake. Namba arobaini haikuwaka. Walioiona walikosea kuona. Waliopunguza mwendo walipunguza kwa hiari yao, na kila mmoja wao ataripoti kwenye bango lililo karibu naye akapige saluti. Na Bi. Tumpe alifukuzwa kazi kwa kosa la kubonyeza kitufe ambacho hakikubonyezwa.

Kitufe kikafunikwa hariri mpya. Utepe wake safari hii ulifumwa kwa waya.

* * *

Masika yalikuja, na ukungu haukungoja uamuzi wa Tume.

Siku ya kwanza uliposhuka, madereva walioteremka Kisyela walimkuta mwanamke amesimama kwenye ukingo wa barabara, hapo jua lilipoishia na weupe ulipoanzia, akipunga kitenge chekundu kwa mikono miwili. Kitenge hakikuwa na namba. Walipunguza mwendo bila kujua ni kwa sababu gani, kama mtu apunguzavyo sauti akipita penye msiba. Vijana wa kofia nyekundu walipekua sheria zao, wakakuta hazisemi lolote kuhusu nguo. Wakajifanya wanapangusa filimbi.

Sekela alipompita alishusha kioo. "Mama, utalowa!"

"Pita huko! Polepole!"

Habari zikafika Wizarani. Mkurugenzi Lubasha akaja mwenyewe, akasimama naye kando ya barabara, kivuli cha mwavuli kikimfunika yeye peke yake.

"Mama Sekela, Wizara imekiona kitenge chako. Na si kwamba Wizara haina moyo. Imeona kinafaa."

"Nashukuru, Mkurugenzi."

"Lakini kinafanya kazi bila kuzinduliwa. Unanielewa? Kamati imeundwa ya kumtafuta mgeni rasmi. Wakubwa kadhaa wamefuatwa. Mmoja hajakataa moja kwa moja. Mpaka apatikane, unaamriwa ukikunje."

Bi. Tumpe alikikunja. Alikikunja vizuri, pembe juu ya pembe, kwa mkono wa mtu aliyepiga pasi hariri za serikali miaka mingi. Dokta Lubasha aliridhika, akamuaga kwa heshima, akaingia katika gari lake na kuondoka kwa mia na ishirini.

Kule juu, kwenye jua, tangi jeupe lilikuwa limetokea. Ukungu ulikuwa umeshafika magotini pa mlima. Bi. Tumpe alitazama kushoto, akatazama kulia, asione mgeni rasmi yeyote.

Akakikunjua.